Karatasi Nilizozipeleka Majini

Bagamoyo, Jumamosi, baada ya alasiri

Mwanangu Idrisa,

Unisamehe kwa kuchelewa. Barua hii ilikuwa uipate miezi miwili iliyopita, siku ile tulipopekua sanduku zima kutafuta cheti chako cha kuzaliwa. Kila siku nilisema leo nitaandika, na kila siku kulikuwa na mashuka ya kufua kule nyumba ya wageni, au mdogo wako Nuru anaota meno, au nimeshika kalamu nikasinzia nimekaa. Hiyo ni nusu ya ukweli. Nusu nyingine ni kwamba niliona haya. Sasa umekwenda Mkange kuwaaga wazee wa upande wa baba yako, kesho asubuhi unapanda basi la Tanga kwenda chuo cha ufundi, na muda nilionao ni ule wa mdogo wako kulala. Nikikwambia kwa mdomo utacheka kabla sijafika mwisho, nami nitacheka, na jambo lenyewe litapotea hapo. Kwa hiyo isome ukiwa kwenye basi, mahali ambapo huwezi kuinuka ukaniacha nikisema peke yangu.

Ya kufua, kula na kuamka mapema sikuandikii. Unapika wali vizuri kuliko nilivyokuwa napika mimi siku nilipoolewa. Mengine baba yako atakwambia kwa simu akitoka shambani Makurunge, na atayasema mara tatu. Mimi nataka nikueleze kosa nililolifanya ulipokuwa na miezi minne. Mtu mwingine sijui kama analijua. Hata baba yako hajui.

Nianze na siku uliyomaliza mtihani wa Kiswahili wa kidato cha nne. Ulirudi nyumbani, ukachukua ile riwaya yenu ya darasani na kile kitabu cha tenzi, ukavirusha juu ya kabati. Nikakwambia, "Hivyo ni vitabu vya wazee wetu, viheshimu."

Ukanijibu, "Nimeviheshimu mama, ndiyo maana nimeviweka juu."

Nikakuambia usinifanyie ngebe. Ukasema, "Mama nawe bana. Mimi naenda kufunga nyaya. Umewahi kuona waya unamuuliza fundi mhusika mkuu ni nani?"

Nilikufukuza ukachote maji. Nami nilipokuwa kidato cha nne nilikuwa na riwaya mbili za kujibia mtihani, na sikufungua hata moja. Tulikuwa na daftari la muhtasari lililopita mikono mingi mpaka likawa na harufu ya samaki. Humo mlikuwa na dhamira, ujumbe, falsafa ya mwandishi, kufaulu kwake na kutofaulu kwake. Nilikariri yote. Nikaandika kuhusu kutofaulu kwa mtu ambaye sijawahi kumsikia hata akipiga chafya, na mtihani nikaupita kwa alama nzuri. Mwalimu alinisifu mbele ya darasa. Nikaondoka shuleni nikiamini kwamba vitabu vile nimevisoma, na miaka yote iliyofuata mtu akivitaja nilikuwa naitikia kwa kichwa kama mtu aliyetajiwa jirani yake.

Sasa nikupeleke nyuma zaidi. Unajua nililelewa na Bibi Tatu, mama yake mama yangu, ambaye hukumkuta. Alikuwa anasuka ukili wa mikeka. Akikaa barazani na vidole vikienda, mdomo nao unakwenda. Maneno ya chini chini, yanayopanda na kushuka pamoja na vidole. Mimi nimekaa mkeka huo huo, miguu nimekunja, narudia somo langu la madrasa kwa sababu mwalimu wetu alikuwa na fimbo. Siku moja nikamuuliza, "Bibi, unasema na nani?"

"Nasema na ukili. Wewe soma chako."

Nikasoma changu. Nilikhitimu msahafu nikiwa na miaka kumi na miwili, Bibi akapika wali wa nazi, mtaa mzima ukala. Herufi zile nilizijua kama njia ya kisimani. Maana sikuijua, kwa sababu Kiarabu sikufundishwa, na kusoma vile ni ibada, siidharau mpaka leo. Lakini ilinibakisha na mazoea. Nikiona herufi zile, ulimi unafanya kazi na masikio yanapumzika.

Bibi alikuwa na bati la biskuti lililojaa karatasi za hati hiyo hiyo, kwa wino uliokuwa mwekundu kama kutu. Zilikuwa za mama yake, Bi. Mwanakheri. Bibi mwenyewe hakujua kusoma hata herufi moja, alikuwa anazipangusa vumbi tu kila Ijumaa. Aliniambia zilikuwa za mama yake na nisizishike na mikono ya mafuta. Nikajua ni dua. Sikuuliza. Ni nani katika mji huu aliyewahi kuona karatasi kuukuu ya hati ile akafikiri ni kitu kingine?

Bibi alifariki mwaka niliokubeba tumboni. Bati likawa langu. Masika ya mwaka uliofuata paa letu likavuja kwenye kona ile ile lilipokuwa bati, na kifuniko kilikuwa kimeliwa na kutu. Nilipolifungua karatasi zimelowa, nyingine zimeshikana kama chapati. Na wewe siku hizo una homa inayokuja na kuondoka, zahanati nimekwenda mara mbili, dawa unatema. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, Idrisa. Nilikuwa mkubwa kuliko ulivyo sasa kwa mwaka mmoja tu.

Nikamwita mwalimu wa madrasa ya mtaani. Alisimama mlangoni, akaangalia kwa mbali, hakushika.

"Zimelowa?"

"Zimelowa, mwalimu."

"Basi usizitupe jaani, wala usiwashie jiko. Zizike mahali pasipokanyagwa, au zipeleke majini."

"Ni dua gani, mwalimu?"

"Mwanangu, kama ni za mzee, zitakuwa za kheri."

Simlaumu. Nilimuuliza namna ya kuziaga, akanijibu namna ya kuziaga. Mwenye macho ya kuzisoma nilikuwa mimi.

Nilitia udhu. Nikazifunga kwenye kitambaa cheupe pamoja na jiwe la matumbawe, nikasubiri siku maji yalipokupwa sana, nikatembea mbali, nikawapita wanawake wanaotafuta pweza, mpaka maji yakanifika mapajani. Nikasoma Fatiha, nikaliachia furushi. Halikuzama mara moja. Lilikaa kidogo likitoa mapovu, kisha likaenda. Nikarudi nyumbani nimeloa na moyo mweupe. Kwa miaka mingi, nilipotaka kukumbuka jambo jema nililowahi kulifanya, nilikumbuka hilo.

Karatasi moja niliibakisha. Nilisema, mtoto ana homa, na hela ya kuandikiwa hirizi sina, nami hapa nina dua ya mama yake Bibi, ya mkono wake mwenyewe. Nikaikunja mara nane, nikaishonea kitambaa cheusi, nikakuvisha shingoni. Homa ikapoa. Ukaivaa mpaka ulipoanza kutembea na kuivuta, nikaivua nikaiweka kwenye soksi yako ya utotoni, nikasahau.

Nuru ameamka. Naandika tena baada ya kumnyonyesha, na nguo nimeshaanua, maana mawingu yametanda upande wa Kaole. Usishangae mwandiko ukibadilika, nimemlaza mapajani.

Siku ile ya cheti cha kuzaliwa wewe ulikwenda kuuliza kwa baba yako kwenye simu, mimi nikabaki na sanduku. Nikaipata soksi. Uzi wa ile hirizi ulikuwa umeoza, nikaigusa tu ikafunguka, na karatasi ikajikunjua yenyewe kidogo kama kitu kilichochoka kukaa vile. Nikaishika. Nikaanza kuisoma kama tunavyosoma, kwa sauti ya chini, kichwa kikienda mbele na nyuma, mawazo yangu yako kwenye cheti. Nikapita neno la kwanza, la pili, la tatu. La nne likanisimamisha. Nikarudi mwanzo.

*Mwenzangu alinijia,*
*kawa akaulizia,*
*sikuwa na la udhia,*
*likatoka mkononi.*

Kawa, Idrisa. Lile la ukindu la kufunikia sinia la chakula. Ni Kiswahili. Ni Kiswahili mwanzo mpaka mwisho, na nilikuwa nimekwisha kuyasikia maneno hayo. Yalikuwa yakitoka mdomoni mwa Bibi, vidole vikienda na ukili. Alikuwa ameyapokea kwa mama yake kwa masikio, nami nilikuwa na macho ya kuyasoma, tukakaa mkeka mmoja miaka kumi na zaidi, kila mtu na chake. Laiti siku moja ningeuinua uso wangu nikasema, Bibi, hebu tamka tena hilo. Laiti yeye angenifungulia bati.

Niliketi sakafuni. Uliporudi ukaniuliza, "Umekipata?" Nikasema bado. Kumbe nilikuwa nimekikalia.

Nikueleze kilichomo, maana najua unataka kujua ulivaa nini shingoni. Hakuna dua hata moja. Kuna ugomvi wa wake wenza. Bi. Mwanakheri na mwenziwe walikuwa wake wa mtu mmoja, hapa hapa mjini, nyumba mbali mbali kidogo. Mwenziwe alikuja kuazima kawa, akapewa. Siku hiyo akapika, akafunika sinia kwa kawa lile la kuazima, akampelekea mume aliyekuwa na wageni. Mume alilijua kawa, lilikuwa na nakshi nyekundu ya mkono wa Bi. Mwanakheri. Akala, wageni wakala, wakasifu. Jioni akaja kwa Bi. Mwanakheri kumshukuru kwa chakula ambacho hakukipika.

Na yeye akanyamaza! Ameandika mwenyewe kwamba alinyamaza. Anasema sifa ilikuwa tamu, na kwamba alikuwa hajaambiwa neno zuri tangu mfungo uliopita. Nilicheka peke yangu pale sakafuni, kisha sikucheka tena, maana nilijiuliza ningefanya nini mimi. Ninavyorudi na mgongo unaouma, mtu akinisifu kwa kitu ambacho sikukifanya, ningemsahihisha? Sijui. Nimelifikiria miezi miwili na bado sijui.

Sehemu nyingine zimetoboka pale pa mikunjo, nakisia. Na mwandishi hakuwa na herufi za kutosha kwa sauti zetu zote, kwa hiyo unalijaribu neno hivi, unalijaribu vile, mpaka likae. Mwisho wa karatasi, upande wa pili, chini kabisa, mume akiwa bado anashukuru, mwenziwe anatokea mlangoni kwa ubeti huu:

*Kugeuka kutazama*
*mwenzangu amesimama,*
*hakuanza kulalama,*
*akasema kwa yakini*

Hapo karatasi imekwisha. Alichosema mwenziwe kilikuwa kwenye iliyofuata, na iliyofuata niliifunga jiwe.

Ndilo kosa langu hilo. Umeliona? Sikuzitupa kwa dharau. Ningezidharau kidogo, nikazigeuza geuza, nikazichungulia kama unavyochungulia barua ya mtu, zingekuwepo leo. Niliziheshimu mpaka zikazama. Na ulipovirusha vitabu juu ya kabati ukasema umeviheshimu, uliniumiza kwa kitu ambacho hukukijua.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa ajabu kidogo, umeniona. Ile riwaya uliyoitafuta ukamtuhumu mdogo wako kwamba ameichana, nilikuwa nayo mimi. Nilipanda kwenye kiti nikaishusha. Niliisoma nikinyonyesha, nikaisoma kule kazini mashuka yakiwa kambani. Ile ile niliyoiandikia mtihani. Lile daftari la muhtasari lilisema dhamira kuu ni ukombozi wa mwanamke, na labda ni kweli, lakini halikusema kwamba mle ndani kuna mama anayewaambia watoto ameshakula huku anakwangua sufuria akidhani hawamwoni. Halikusema kwamba kuna baba mkwe anayekohoa kabla ya kusema uongo. Baba mkwe huyo namjua, nawe unamjua, na tafadhali usimtaje kwa jina mbele ya watu. Sehemu moja mwandishi alimfanyia yule mama jambo lisilo na haki kabisa, nikamgombeza kwa sauti mpaka Nuru akashtuka. Mwenzangu wa kazini akaniuliza, "We, unagombana na nani?" Nikamwambia, "Na mtu aliyeandika kabla sijazaliwa." Akasema nikapumzike.

Nilifika karibu na mwisho nikakuta kurasa kumi na moja zimenyofolewa. Nadhani naujua mkono uliozinyofoa, na najua jiko gani la mkaa liliwashwa. Siwezi kukugombeza. Wewe umechoma kumi na moja, mimi nimezamisha bati zima.

Sikuombi upende kila kitabu cha zamani. Vingine ni vigumu, kuna tenzi nimezisoma katika kile kitabu chako cha pili na beti nzima nzima zimenipita. Vingine vinawasema wanawake maneno ambayo mtu akinitamkia hapa mlangoni nitamrudishia. Nakuomba usikubali kuambiwa na muhtasari kilichomo, wala usiviogope ukaviweka juu. Shuka navyo. Gombana navyo. Waliviandika watu waliokaa kwenye mikeka kama yetu, wakaazimana makawa, wakanyamaza pale ambapo wangesema kweli. Hakuna mtu wa nchi nyingine atakayekujia kukueleza kwa nini mwanamke wa Bagamoyo alipogombana na mwenziwe hakumwendea na mchi, alikaa chini akapanga maneno yake kwa mizani nane nane. Mimi mwenyewe nataka kujua kwa nini. Alikuwa na watoto, alikuwa na kisima cha mbali. Alipata wapi nguvu ya kukaa na kalamu? Nikiwa nimechoka namfikiria, na sijui kwa nini, kuchoka kwangu kunapungua ukubwa.

Na wewe fundi wa umeme utaingia nyumba za watu. Utapanda dari zao, utapita vyumbani mwao, watagombana chini ya ngazi yako wakidhani husikii. Mtu aliyewahi kusoma watu atajua lini aendelee kufunga waya na lini ashuke aseme nakuja kesho. Hilo waya hautakuuliza, lakini mwenye nyumba atalijua.

Sasa jambo ninalokuomba. Mwenziwe Bi. Mwanakheri, mume alipofariki, alirudi kwa watu wake Pangani. Nilitafuta tafuta kwa ndugu zetu waliokwenda harusini huko, nikapata namba ya mjukuu wake, anaitwa Bi. Zuhura, mtu mzima sasa. Wiki tatu zilizopita nilijikaza nikampigia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mimi mjukuu wa Bi. Tatu wa Bagamoyo. Bi. Tatu binti wa Bi. Mwanakheri."

Akasema, "Wa kawa?"

Idrisa, nywele zilinisimama. Nikasema, "Ndiyo, Bibi, wa kawa."

"Bibi yetu alipika, bibi yenu akasifiwa. Haya, umepiga kurudisha sifa?"

Nikacheka, naye akacheka, cheko la mtu aliyesubiri miaka mingi apate wa kumwambia neno hilo. Akaniambia kwao hadithi hiyo inasimuliwa kila mtu akiazima chombo. Kwao sisi ndio wezi. Nikamuuliza bibi yake alikwenda kusema nini siku ile mlangoni. Akasema hajui, hadithi yao inaishia kwenye chakula. Nikamuuliza kama bibi yake aliacha maandishi.

"Yapo. Juu ya kabati, kwenye kitambaa cheupe. Dua za bibi."

"Umewahi kuzisoma, Bibi?"

"Za kusomwa zile? Zile za kuwekwa."

Nikamweleza yaliyonipata. Hakuamini. "Utenzi gani uandikwe kwa hati ya Kurani?" akasema. Nikamwomba amwambie mtu azipige picha anitumie, akakataa, hataki karatasi za marehemu zizagae kwenye simu za watu. Ndipo akaniambia kwamba mwezi ujao anahamia Muheza kwa mwanawe, nyumba ya Pangani inafungwa, na amekwisha kumwambia maalimu wa msikitini pale azizike zile karatasi kabla hajaondoka. Kwa heshima zote.

Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Huenda ni dua kweli. Basi zizikwe, na tutakuwa hatujapoteza kitu ila nauli. Lakini watu wa siku zile walikuwa wakijibizana kwa beti, na sitaki kuamini kwamba mwanamke aliyenyang'anywa sifa ya chakula chake alikaa kimya. Kama alijibu, jibu liko juu ya kabati hilo, na lina wiki chache tu za kuishi.

Mimi siwezi kwenda. Nuru ni mdogo, na kazini nimemaliza ruhusa zangu zote kwa homa zake. Wewe utakuwa Tanga, na Tanga na Pangani ni kwenda na kurudi siku moja. Madrasa umekhitimu, herufi unazo kama nilizo nazo. Nilimwambia Bi. Zuhura, "Nikimtuma mwanangu?" Akasema, "Aje. Nimwone anafanana na nani."

Nenda Jumamosi yako ya kwanza. Usianze na simu mkononi. Anza na shikamoo, ukae utakapoonyeshwa, uulizwe habari za watu wote mpaka waliokwisha kufa, na ukiletewa chakula ule na usifu, na uhakikishe unamsifu aliyepika. Utie udhu mbele yake aone. Halafu mwombe akufungulie moja tu, na usome kwa sauti, polepole, uangalie uso wake. Usimweleze kitu. Msomee. Kama ni Kiswahili atalisikia mwenyewe, na nadhani hapo hatazizika. Akisema bado zizikwe, ni zake, umbusu mkono uondoke, usinifanyie ujanja wa kuziiba.

Najua utaona haya kumsomea mtu mzima ugomvi wa wanawake. Utazoea.

Nasikia pikipiki, labda ni wewe umerudi. Nitaikunja barua hii nitie kwenye mfuko wa pembeni wa begi lako. Vitu ninavyohitaji unitumie ni hivi:

Picha za kila ukurasa, Bi. Zuhura akikubali, mbele na nyuma, kwa mpangilio zilivyokutwa, karibu na dirisha, bila kumulika taa. Zilizoshikana usizibandue.

Sauti yako ukisoma, hata pale usipoelewa. Nitumie kwenye simu ya baba yako, yangu imejaa.

Kurasa kumi na moja za mwisho za ile riwaya. Chuoni kwenu lazima kuna maktaba. Piga picha, usinisimulie.

Rangi na nakshi ya makawa ya Bi. Zuhura, kama bado wanasuka. Nataka kuona kama nyekundu yetu imefika kwao.

Alichosema mwenziwe mlangoni, ukikipata. Hicho usiandike, nipigie, hata nikiwa kazini.

Na jina la bibi yake. Nilikata simu nikagundua sikumuuliza. Kwenye karatasi anaitwa mwenzangu tu, na hapa kwetu, tangu enzi hizo, hakuna aliyewahi kulitaja.